Toa Ishirini

Mashine ya presha ya zahanati ya Chini ilirudi karakana, ya tatu kurudishwa, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na juu ya mfuko mtu alikuwa amebandika karatasi yenye neno moja: INADANGANYA. Fundi aliyeipokea alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, ambaye wilaya nzima ilimwita Bisibisi kwa kuwa chombo hicho hakikukosekana mkobani mwake hata akienda harusini. Alilisoma lile neno, akasonya, kisha akaipokea mashine kwa upole, maana aliona kabisa kwamba imesingiziwa. Alikuwa na udhaifu mmoja huyu mama: hakuvumilia kushindwa na kitu chochote chenye nati.

Aliifungua hapo hapo. Akapuliza vumbi, akakagua mpira wa hewa kama unavuja, akaweka betri mpya, akaiunganisha na kifaa kikubwa cha kulinganishia kilichokuwa kimefungwa ukutani kwa boliti. Namba zikaenda sambamba. Akaufunga mkanda mkononi mwake mwenyewe, ikasoma mia na kumi na nane. Akampima mkuu wake wa kazi, Mzee Vipuri, aliyekuwa anakunywa chai na hakupenda kusumbuliwa, naye akawa salama. Akampima dereva. Akampima mpishi wa hospitali, aliyekuja kuazima koleo na akaondoka na habari za presha yake. Wote salama salimini, mashine haina hata chembe ya kosa.

Mzee Vipuri alimwambia kwamba hiyo mashine haina ugonjwa wowote isipokuwa kuchukiwa, airudishe tu watu waendelee na maisha. Lakini Bisibisi alikuwa ameshaanza kujikuna kichwa, na akianza kujikuna kichwa hakuna wa kumtuliza. Hii ilikuwa mashine ya tatu ya Chini. Ya kwanza ilikuwa ya mtengenezaji mmoja, ya pili ya mwingine, na hii mpya kabisa, imetoka kwenye boksi mwaka huu. Zote zilikwenda Chini zikiwa nzima, zikarudi zikiitwa waongo, na zikifika karakana zinasema kweli tupu. Kuna nini kule Chini, alijiuliza, kinachozifundisha mashine uongo?

Wilaya yenyewe ilikuwa moja. Mkuu mmoja, bohari moja ya dawa, gari moja la kusambaza. Ila ilikuwa na mitaa miwili mikubwa, na barabara kuu ya malori ilikata katikati. Upande wa mlimani watu waliuita Juu: miti, bomba ndani ya nyumba, njia za kutembelea kwa miguu. Upande wa pili uliitwa Chini, nako kulikuwa na magodauni, yadi ya mawe, na nyumba zilizobanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Ukisimama Juu unayaona mabati ya Chini vizuri kabisa. Wengi wa Juu waliishia hapo hapo, kuyaona.

Bisibisi hakuishia hapo, kwa kuwa mdogo wake alikuwa ameolewa Chini. Wawili hao walikulia Juu, katika nyumba moja na kitanda kimoja. Mdogo huyo aliitwa Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, na enzi za shule hakuna aliyemkamata kwa mbio. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliisha vibaya miaka miwili nyuma, mtoto akazaliwa kimya, na tangu siku hiyo Kidoti hakulizungumzia jambo hilo hata na dada yake. Vipimo vyake vyote, vya mimba ya kwanza na vya hii, vilifanyika zahanati ya Chini. Ndiyo maana Bisibisi hakuweza kuiacha hiyo mashine. Kama inadanganya, basi hakuna anayejua hali ya mdogo wake. Na kama haidanganyi, alitaka kujua kwa nini watu wenye akili zao wanasema inadanganya.

Akaitia mashine mkobani, akamwomba dereva amshushe zahanati.

Tabibu wa Chini alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ametumikia zahanati ya Juu miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Chini, yapata miaka mitatu sasa, na alikaa katika nyumba ya watumishi nyuma ya jengo. Watu walimpenda. Alifika kazini kabla ya mfagiaji, na hakumfokea mgonjwa hata mmoja. Alipomwona Bisibisi alicheka, akasema kumbe fundi kamrudishia mke aliyekwisha kumpa talaka. Bisibisi akamwambia asitanie, ampime mtu mbele yake.

Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja muuza ndoo. Tabibu akamketisha, akamwacha apumue kidogo, akaufunga mkanda vizuri kabisa. Bisibisi alitazama kila hatua na hakuona kosa. Mashine ikavimbisha, ikalegeza, ikatoa namba: mia na hamsini na nne. Tabibu akanong'ona peke yake, "Toa ishirini," akaandika mia na thelathini na nne kwenye kadi, akamwambia mama aende zake, yuko sawa.

Bisibisi alidhani hakusikia vizuri. Akangoja wa pili, seremala mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Toa ishirini. Wa tatu, vivyo hivyo. Tabibu alitoa ishirini bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

"Nani alikwambia utoe?" akamuuliza walipobaki wawili.

"Uzoefu," Tabibu akajibu. "Nimepima watu Juu miaka kumi na zaidi. Namba kama hizi nilikuwa naziona mara moja moja, kwa mtu mmoja mnene au mmoja mzee. Nikaja hapa, wiki ya kwanza tu, kila ninayemgusa ni mia hamsini, mia sitini. Vijana, mama wanyonyeshao, watu wembamba. Sasa dada yangu, mtaa mzima unaweza kuumwa presha kwa pamoja? Nikajua ni mashine. Nikaangalia zinazidi kwa kiasi gani ukilinganisha na Juu, nikaona ni kama ishirini. Ndiyo ninayotoa, mpaka mtakaponiletea iliyo nzima."

Hayakuwa maneno ya mtu mvivu. Bisibisi aliyapima, akaona yana mantiki yake, na hapo hamu ikampanda zaidi. Kama mashine tatu tofauti zinaharibikia mahali pamoja, basi ni mahali. Akavua koti. Mchana ule wote aligeuza zahanati juu chini. Alihamisha meza mbali na ukuta wenye nyaya za umeme. Alipima wakati malori yanapita na vigae vinatetemeka, akapima yalipotulia. Alilaumu joto, akaomba feni. Alilaumu feni, akaizima. Alibadilisha mkanda kwa watu wenye mikono mikubwa na kwa wenye mikono midogo. Wagonjwa walifurahia sana, maana siku za kawaida hakuna kinachotokea kwenye lile benchi, na mzee mmoja alijitolea kupimwa mara nyingi kiasi kwamba Tabibu alilazimika kumrudisha nyumbani. Namba zilibaki pale pale.

Jioni akaiacha mashine zahanati, akapita kwa mdogo wake.

Alimkuta Kidoti ameketi kizingitini, kichwa amekifunga kitambaa kwa nguvu, miguuni amevaa ndala za mumewe. Zake, alisema, zimeanza kumbana. Mumewe alikuwa safarini na lori la mawe. Chai aliyoandaa ilikuwa na ladha ngeni, na Bisibisi aliposema, Kidoti akamcheka. Ni maji ya kisima, alieleza, yana chumvi kidogo, ukishakaa huku huisikii tena. Ya bomba yapo, lakini hutoka mara moja moja, tena saa ambazo watu wamelala, kwa hiyo mtaa mzima hulala sikio moja likiwa wazi. Alieleza haya yote bila kulalamika. Dada yake aliyasikiliza kwa umakini usio wa kawaida, kwa sababu siku nzima alikuwa ametafuta kasoro ndani ya mashine na kuzunguka meza, na hakuwa amefikiria maji.

Akauliza kuhusu kichwa. Kidoti akasema kinauma tu, mimba ndivyo zilivyo. Akauliza kuhusu presha.

"Iko sawa. Mara ya mwisho Tabibu kasema mia thelathini na mbili."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwa Bisibisi. Akamsihi waende hospitali ya wilaya wakati ule ule, lakini Kidoti akakataa katakata. Akienda kule bila barua ya zahanati atarudishwa mlangoni mbele ya watu, yalishampata. Na isitoshe kesho ni siku yake ya kliniki, Tabibu atampima, kuna haraka gani? Bisibisi angemwambia nini, kwamba ama mashine ni mbovu na hakuna tatizo, ama ni nzima na kuna hatari, na yeye fundi mzima hajui ni lipi? Aliogopa, na hofu hiyo ilimfanya amkaripie mdogo wake kwa kukaa kizingitini penye upepo.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa zahanati ya Juu, baada ya kumwamsha Tabibu ampe ile mashine inayoitwa mwongo. Muuguzi mkuu wa Juu alijulikana kwa jina la Mama Funguo. Alivaa shada la funguo kiunoni, na alikuwa mkono wa birika kwa kila kitu cha serikali: pamba aliikata mwenyewe, na pini alizihesabu. Bisibisi aliomba kwanza kuwapima wagonjwa wake kwa mashine ya Chini. Mama Funguo alikubali kwa masharti, akasimama karibu. Watu wa Juu wakapimwa mmoja baada ya mwingine, na mashine ya Chini ikasoma mia na kumi, mia na ishirini, mia na kumi na tano. Mmoja tu alipanda, mzee mmoja mstaafu, na huyo presha yake ilijulikana tangu zamani.

Yaani mashine ikipanda mlima inasema kweli, na ikishuka inadanganya. Bisibisi aliona kichaa kinamnyemelea.

Kilichobaki kilikuwa kuishusha mashine ya Juu ikapimie Chini. Hapo Mama Funguo alikuja juu. Mashine yake haijawahi kuvuka barabara kuu na haitavuka leo. Bisibisi akambembeleza, akamtajia mdogo wake, mimba, kichwa kinachouma. Mama Funguo akajifuta jasho, kisha akasema itakwenda, ila yeye mwenyewe ataipakata, na atarudi nayo kabla ya mchana. Ndivyo walivyopanda gari la karakana, mashine moja mapajani mwa Mama Funguo, nyingine mapajani mwa Bisibisi, na dereva akaambiwa aendeshe polepole kama amebeba mayai.

Zahanati ya Chini ilikuwa imejaa. Kidoti alikuwapo, mwisho wa benchi, ameegemeza kichwa ukutani na macho ameyafumba. Bisibisi alimwona, akataka kwenda kwake moja kwa moja. Lakini akimfunga mkanda mdogo wake, mashine ikasema mia na sitini, atajua nini ambacho hakukijua jana? Akajikaza.

Wakaanza na seremala wa jana. Mashine ya Juu, ile inayoaminika, iliyotunzwa kwa kufuli, ikavimba, ikalegea, ikasoma mia na hamsini na tano. Wakampima mama muuza ndoo, aliyerudi kwa ajili ya kushuhudia tu. Mia na hamsini na moja. Tabibu akapiga makofi.

"Si nilisema," akasema. "Hata hiyo ya kwenu ikifika hapa inaharibika. Ni mahali, fundi. Labda ni ardhi."

Bisibisi alikaribia kukubali. Kichwani alikuwa ameshaanza kuandika ripoti kuhusu mitetemo ya malori. Lakini Mama Funguo alikuwa amekasirika kwelikweli. Kuambiwa mashine yake imeharibika, mashine aliyoipakata njia nzima, lilikuwa tusi ambalo hakuweza kulimeza. Akavuta kiti, akaketi mbele ya watu wote, akakunja mkono wa gauni.

"Nipimeni mimi. Asubuhi nilikuwa mia na kumi na sita. Nataka nione hiyo ardhi yenu itaniongezea nini."

Wakampima kwa mashine yake. Mia na kumi na saba. Wakampima kwa ile mwongo. Mia na kumi na sita. Lori lenye tela likapita nje, vigae vikalia, wakampima tena, na namba ikakaa pale pale. Mama Funguo akaangaza macho huku na huku kwa ushindi, akitetea mashine yake, bila kutambua bado alichokuwa ameonyesha. Bisibisi alitambua. Chumba ni kile kile, meza ile ile, mashine zile zile. Kilichobadilika ni mkono; jana alipima mikono ya wakazi wa Chini tu, asikumbuke hata wake.

Tabibu naye alikuwa ametambua. Alisogea kwenye kiti taratibu. Alifungua kishikizo cha shati lake lililopigwa pasi, akaunyoosha mkono, na akamwomba Bisibisi, siyo Mama Funguo, amfunge mkanda. Mashine ikasoma mia na hamsini na nane.

"Nilipokuwa Juu," akasema, "sikuwahi kuzidi mia na ishirini. Hata mimi mwenyewe nikijipima hapa, nilikuwa natoa."

Bisibisi hakungoja zaidi. Alikwenda mwisho wa benchi, akamshika mdogo wake mkono, akampeleka kwenye kiti. Kidoti alilalamika kwamba zamu yake bado. Mkanda ukavimba. Bisibisi, aliyetazama namba za mashine maisha yake yote ya kazi, alifumba macho, na ni Tabibu aliyesoma.

Mia na sabini na nne.

Hakuna aliyetoa kitu. Tabibu alibonyeza mguu wa Kidoti kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki. Vijiti vya kupimia mkojo, ambavyo vingeonyesha kama kifafa cha mimba kinanyemelea, vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliopita. Akaandika barua ya hospitali akiwa amesimama, mwandiko umekwenda segemnege, na Mama Funguo akasema barua ya nini, yeye ndiye barua. Walimpakia Kidoti kiti cha mbele, Bisibisi na Mama Funguo nyuma na mashine zote mbili, na safari hii dereva hakuambiwa aende polepole. Getini mlinzi alijaribu kuuliza walikotoka. Mama Funguo alimwonyesha shada la funguo, ambalo halikuwa na ufunguo hata mmoja wa hospitali ile, na geti likafunguka.

Madaktari walimchoma sindano, wakamtundikia dripu, na kabla ya saa za adhuhuri wakaamua kumtoa mtoto.

Watatu walikaa kwenye korido: fundi, muuguzi na tabibu, ambaye alikuwa amefika kwa pikipiki baada ya kufunga zahanati. Kungoja kulikuwa kugumu, na kwa kuwa hawakujua namna ya kungoja kimya, wakaulizana. Kuna nini Chini? Bisibisi akayataja maji ya kisima. Tabibu akakubali kwamba huyanywa kila siku na siku hizi hayasikii chumvi. Mama Funguo akauliza wanalala saa ngapi. Hawalali, Tabibu akasema, kwa maji na kwa malori, na yeye mwenyewe hajalala usingizi kamili tangu ahamie. Kisha kazi za kusimama na kubeba. Kisha wasiwasi wa kila siku, kodi, mume aliye barabarani. Bisibisi alitaka kijulikane kimoja, kiwe kipi, ili akikamate. Alikuwa amezoea kasoro yenye mahali pake, waya huu, nati hii. Hii ya Chini ilikuwa imetapakaa mtaa mzima, na hakujua aanze kufungulia wapi.

Mama Funguo alikumbuka kitu kingine, akakisema kwa sauti ya chini. Kila mwaka huwa wanaitwa kwenye mkutano wa wilaya, na kila mwaka husomewa kwamba upande wa presha mitaa yote miwili iko sawa. Walikuwa wakipiga makofi. Tabibu aliinamisha kichwa. Namba za Chini alizipeleka yeye.

"Nilizisawazisha," akasema. "Nilidhani naondoa uongo."

Bisibisi alikuwa na hasira naye, na alijua ana haki nayo. Lakini alikumbuka pia kwamba mashine tatu zilipita mikononi mwake, akazikuta nzima, akazirudisha, na hata siku moja hakuuliza maana yake nini mashine nzima ikisema kitu kama kile. Kwa hiyo alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa mdogo mno, wakamweka kwenye kisanduku cha joto, lakini alilia, na sauti ilifika mpaka korido. Mama Funguo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, aligeukia ukutani akajifanya anatafuta ufunguo.

Presha ya Kidoti ilichukua siku kadhaa kushuka. Siku walipomruhusu kuketi, Tabibu alikuja kumwona. Alikuwa ametumia siku hizo kupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu warudi kupimwa, na sura yake ilionyesha alivyopokelewa kwenye baadhi ya nyumba. Alisimama mwisho wa kitanda. Bisibisi alikuwa pembeni, anamenya chungwa. Tabibu alieleza yote mwenyewe, bila kuzungukazunguka: Juu, Chini, ishirini, na kwa nini. Akaomba radhi.

Kidoti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na yule wa kwanza, naye mlikuwa mnamtolea?"

Kisu cha Bisibisi kilisimama juu ya chungwa. Alikuwa mtu wa maswali tangu utotoni, lakini hili alitamani lisijibiwe. Aliona kabisa jinsi Tabibu angeweza kujibu, kwamba hakumbuki, kwamba ni zamani, kwamba mambo mengi huua mtoto tumboni. Na hilo la mwisho lilikuwa kweli.

"Tulikuwa tunatoa," Tabibu akasema. "Kila mwezi. Na kichwa kilikuwa kinakuuma, uliniambia."

Kidoti aliitikia kwa kichwa, polepole. Aliitazama mikono yake iliyolala juu ya shuka, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Alfajiri ile nilinyanyua ndoo," akasema. "Bomba lilitoka, mume wangu hayupo, nikajaza ndoo kubwa nikainyanyua peke yangu. Mchana mtoto akaacha kucheza. Mama mkwe aliniuliza umenyanyua nini, nikamwambia sijanyanyua kitu. Miaka miwili sijamwambia mtu. Nilijua nimemuua kwa ndoo."

Bisibisi akaweka chini kisu na chungwa, akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia mdogo wake kama walipokuwa wanalala kitanda kimoja. Kidoti alikuwa analia sasa, kwa sauti, kilio cha miaka miwili, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza kulia naye bila kujua sababu. Tabibu alibaki amesimama pale mwisho wa kitanda. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwambia akae.